Joto la Uvira na mguu wa bandia

Wenzetu wa Bukavu wanatafuta makoti, lakini huku Uvira, mwisho wa kiangazi mbele ya mvua kushika vizuri, hata upepo wa ziwa unakuja moto. Jua hilo tunalivumilia sote. Ila katika vikundi vyetu kuna wamama waliokatwa mguu, wengine kwa risasi, wengine kwa ajali ya pikipiki, wengine kwa ugonjwa wa sukari, na kwao joto ni kazi ya ziada. Juma hili tunawaandikia wao, pamoja na sisi tunaoishi nao.

Mwili unajipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Aliyekatwa mguu amepungukiwa ngozi ya kujipoza, na kutembea na proteze kunamtoa nguvu nyingi zaidi, kwa hiyo anashikwa na joto upesi. Tena kigutu chake kimefungwa ndani ya kikombe cha plastiki ambamo hewa haipiti. Jasho linabaki humo. Ngozi inalainika kama vidole vya mama aliyefua nguo tangu asubuhi, kisha inasuguliwa kwa kila hatua. Malengelenge yanaanza hivyo. Yakigeuka kidonda, mguu hauvaliki mpaka kipone, na mama anayeuza ndagala katika soko la Mulongwe anajua majuma mawili bila kuuza yanafanya nini kwa likelemba na kwa minerval ya watoto.

Kwa hiyo mguu uvuliwe mchana, hata mara mbili, kigutu kikaushwe kwa kitambaa safi, kipate hewa robo saa, ndipo avae soksi nyingine kavu. Ni jambo dogo, lakini wengi hawalifanyi kwa sababu ya haya. Na haya hiyo, tuseme ukweli, tunaileta sisi tunaokodoa macho. Kitenge kimoja juu ya magoti kinatosha, na jirani wa meza aangalie bidhaa kwa muda huo.

Soksi za kigutu ziwe za pamba, na ziwe zaidi ya moja. Zifuliwe kila siku na kusuuzwa sana, maana sabuni inayobaki inawasha. Zivaliwe bila mkunjo; mkunjo mmoja tu unachuna ngozi. Kikombe kipanguswe ndani kila jioni kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha kwa maji matupu, kilale kikikauka. Kigutu nacho kioshwe jioni, kwa sababu ngozi yenye unyevu wa asubuhi inavimba na kung'ang'ania kikombe. Mafuta ya kupaka ni ya usiku. Na proteze isiwekwe karibu na mbabula: fundi aliipa plastiki hiyo umbo kwa joto la tanuri, na makala yanaweza kuiharibia umbo hilo.

Maji ya kunywa mama asiyapunguze kwa kuogopa safari ya choo. Tunajua choo cha soko kilivyo, na kwa magongo ni taabu mara mbili, lakini mwili ukikosa maji, kigutu pia kinaweza kupungua na kikombe kikaanza kucheza. Hapo anaongeza soksi moja. Kama kimevimba mpaka hakiingii, asikisukume kwa nguvu.

Usiku akitazame kwa kioo, au mtoto mkubwa amtazamie. Wekundu usioondoka nusu saa baada ya kuvua, harufu mbaya, malengelenge: mguu usivaliwe, aende kituo cha afya. Mwenye sukari asingoje maumivu, kwa maana huenda asiyasikie kabisa. Kikombe kisichokaa vizuri ni kazi ya fundi, kama wale wa Heri Kwetu huko Bukavu au Shirika la Umoja huko Goma. Nauli ni nzito, ndiyo maana tunaomba kila kikundi kifikirie kutenga kitu kidogo katika sanduku la msaada.

Kwa upande wetu, mkutano wa Alhamisi hautakuwa tena saa nane mchana. Tutaanza saa mbili asubuhi, na benchi lenye pa kuegemea, lile la karibu na dirisha, ni la wanaotaka kuvua mguu.