Umeme na Damu ya Mji wa Mimba: Utafiti Umefika Wapi

Mama mjamzito wa Kimulot anapopimwa presha kliniki, muuguzi haandiki namba tu kijitabuni. Anachunguza pia dalili kwamba huenda mtoto hapati damu ya kutosha. Damu hiyo hupitia mishipa ya mji wa mimba hadi kwenye kondo la nyuma. Mishipa ikibaki myembamba, mtoto hukosa hewa na chakula na kukua polepole, na presha ya mama inaweza kupanda hadi kuleta kifafa cha mimba.

Je, umeme unaweza kuipanua mishipa hiyo? Swali si la kipuuzi, kwa sababu mishipa ya damu hupokea amri kutoka kwa neva. Mwaka 1996 watafiti wa Japani walieleza jinsi walivyosisimua kwa umeme neva za panya waliopewa dawa ya usingizi. Waliposisimua neva ya nyonga, damu katika mji wa mimba iliongezeka. Waliposisimua neva nyingine inayofika hapo hapo, damu ilipungua. Umeme ni uleule, matokeo ni kinyume.

Mwaka huohuo nchini Sweden, wanawake 10 waliotatizika kupata mimba walitibiwa kwa sindano zenye umeme mdogo mara mbili kwa wiki, kwa wiki nne. Damu ilipita kwa urahisi zaidi. Lakini walikuwa 10 tu, hawakuwa wajawazito, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nao.

Kwa hivyo mashine ndogo za umeme za kutuliza maumivu, hata muuzaji aseme nini, si tiba ya mtoto asiyekua vizuri tumboni. Mjamzito asijiwekee tumboni bila idhini ya daktari.

Presha ya 140/90 au zaidi baada ya wiki 20 za mimba inahitaji uchunguzi. Mama aliye katika hatari kubwa, kwa mfano aliyewahi kupata kifafa cha mimba, anaweza kuandikiwa aspirini ya miligramu 75 kila siku, hasa akianza kabla ya wiki 20. Ndiyo maana kliniki ya kwanza isingoje tumbo lionekane.

Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, au mtoto akipunguza kucheza, mama aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni siku ya kuchuma chai.