NGANO NA BINADAMU: NANI ANAMTEGEMEA MWENZAKE?



Chakula chetu hapa Mbangala ni ugali wa mahindi. Hata hivyo, ni nyumba chache zinazopita mwezi mzima bila andazi, chapati au mkate, na Idd bila chapati wengi huiona haijakamilika. Vyote hivyo ni ngano, nafaka ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona ikiwa shambani. Katika makala haya tutaeleza ilikotoka, ilivyofungamana na maisha ya watu, na kwa nini inahitaji uadilifu.

ASILI YAKE

Ngano ilianza kulimwa yapata miaka 10,000 iliyopita katika maeneo ambayo leo ni Uturuki, Syria, Iraq, Jordan na Palestina. Kabla ya hapo watu waliokota ngano mwitu. Suke la ngano mwitu likikauka huvunjika lenyewe, punje zikaanguka na kuota. Mvunaji alipofika, punje nyingi zilikuwa zimekwisha pukutika. Yale masuke machache yasiyovunjika ndiyo yaliyofika nyumbani, na punje zake ndizo zilizopandwa msimu uliofuata. Kizazi baada ya kizazi ikapatikana ngano isiyopukutika.

Hapo ndipo ilipo ajabu ya mmea huu. Kwa mkulima hiyo ni faida, lakini kwa ngano yenyewe ni udhaifu: mtu asipoivuna, kuipura na kuipanda, haiwezi kujitawanya na kudumu. Binadamu naye akaacha kuhamahama, akajenga vijiji na maghala ili ailinde. Kila mmoja akawa anamtegemea mwenzake.

Baadaye ngano iliyolimwa ilichanganyika na aina ya nyasi mwitu, ikapatikana ngano ya mkate tunayoitumia leo. Unga wake una protini iitwayo gluteni, ambayo hufanya donge livutike na kushika hewa. Ndiyo maana andazi la ngano huumuka, na unga wa mahindi peke yake hauwezi kufanya hivyo.

GHALA LA MISRI NA SOKO LA MADINA

Kila mwanafunzi wa madrasa anakijua kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Aliwaelekeza watu wa Misri walime miaka saba, na mavuno wayaache katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula. Punje iliyo ndani ya ganda lake hukingwa zaidi kuliko iliyo wazi. Akiba ile ikawaokoa watu katika miaka saba ya ukame.

Madina wakati wa Mtume (s.a.w.) chakula kikuu kilikuwa tende na shayiri. Ngano ilitoka Sham na ilikuwa ghali. Ndiyo sababu Muawiya, alipokuwa mtawala, aliona vibaba viwili vya ngano ya Sham vinalingana na pishi moja ya tende katika zakatul-fitr. Abu Said al-Khudri hakukubali, akaendelea kutoa pishi kamili, yaani vibaba vinne.

NGANO AFRIKA MASHARIKI

Nchini kwetu ngano hustawi penye baridi, kama Makete, Njombe, nyanda za Ufipa na mikoa ya kaskazini. Adui yake mkubwa ni ugonjwa wa kutu ya shina. Mwaka 1998 aina mpya ya kutu hiyo iligunduliwa Uganda, ikaitwa Ug99. Iliweza kushambulia mbegu nyingi zilizokuwa zikiaminiwa duniani, na ikaenea Kenya, Ethiopia hadi Yemen. Watafiti wa nchi nyingi wamekuwa wakipeleka mbegu zao Njoro, Kenya, ili zipimwe kama zinaihimili.

Shamba kubwa kuliko yote katika historia yetu ya ngano lilikuwa Hanang. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba saba, kila moja likiwa na ekari takriban elfu kumi. Nchi ilipata ngano, lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya wafugaji wa Kibarabaig, na hata makaburi ya wazee wao yalipitiwa na trekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua kwa sehemu kubwa. Msaada wa Kanada ulikoma miaka ya 1990, na malalamiko ya ardhi yakabaki.

Mpaka leo Tanzania huagiza nje sehemu kubwa ya ngano yake. Vita vya Urusi na Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, bei ya ngano duniani ilipanda. Hivyo vita vya mbali vinaweza kupunguza ukubwa wa andazi letu.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, mbegu ni amana. Ngano imefika kwetu kwa sababu kila kizazi kilibakiza mbegu badala ya kula yote. Mahindi yetu nayo yanataka uangalifu huo huo.

Pili, chakula huhitaji haki. Mkate uliotoka katika ardhi ya mtu aliyeondolewa bila kuridhika hushibisha tumbo, lakini deni lake halifutiki.

Tatu, tusitupe chakula. Kipande cha chapati kinachoachwa sahanini kimepita katika mikono mingi tangu shambani.

Basi mwanafunzi, utakapopewa andazi wakati wa mapumziko, kumbuka kusema Bismillah, na ummegee mwenzako asiye nalo.

Wabillahi tawfiq.