Fungate Pwani: Begi Lilivyotuumbua

Kama na wewe unajiandaa kwenda fungate pwani, nisikilize kwanza kabla hujafunga begi. Mimi langu nililipanga wiki nzima. Nguo za kubadilisha mara tatu kwa siku, viatu jozi sita, vipodozi ndo usiseme. Sisi tunaishi Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Joto kwetu ni hadithi.

Mume wangu ana kisukari, anajidunga insulini tangu akiwa kidato cha pili. Vichupa vyake hukaa kwenye friji. Siku ya safari, Februari 2023, nikaona vinanibania nafasi kwenye mkoba wa mkononi, nikavihamishia kwenye begi kubwa. Begi likaingia kwenye buti ya basi, kutwa nzima mpaka Dar. Yeye aliniuliza mara moja tu, "Dawa umeweka?" Nikamjibu, "Nimeweka, mume wangu." Sikudanganya, jamani.

Kesho yake tukavuka kwa boti, jioni tukawa Paje. Siku ya pili mwenzangu akaanza kunywa maji kama ngamia. Chooni kila mara, usiku halali, mwili umelegea, hana habari na mimi. Nikasema ni joto tu, si unajua kaskazi, nyuzi 32 na unyevu ule! Nikawa namnunulia madafu, kumbe namwongezea sukari. Na nisiwafiche, nilinuna. Nilidhani kanichoka mapema.

Kiu ya joto na kiu ya sukari zinafanana mno. Yeye naye alikuwa anajidunga kama kawaida, akaona hana haja ya kujipima akiwa likizo. Siku ya tatu alfajiri akatapika. Mashine ikasoma 19, wakati kabla ya kula daktari wake anataka ibaki kati ya 4 na 7. Teksi mbio mpaka Mjini, hospitali, dripu, insulini mpya. Nililia pale kwenye benchi mpaka wanja ukaisha usoni. Baadaye daktari akaninyooshea kichupa chetu: maji meupe, safi kabisa. Insulini iliyoharibiwa na joto, alisema, inaweza isionyeshe dalili yoyote kwa macho.

Basi sasa begi letu linaanza na dawa. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Iliyoanza kutumika, aina nyingi huvumilia wiki nne hivi kama joto halizidi nyuzi 30, ila soma karatasi ya kwenye boksi. Safarini tunatumia chupa ya chai yenye mdomo mpana, maana kinachozuia joto lisitoke huzuia pia lisiingie. Barafu kidogo chini, juu yake taulo, halafu vichupa. Visiguse barafu, kwani ikiganda nayo imeharibika. Mtungi wa udongo wa bibi unasaidia sana sehemu kavu, lakini pwani hewa imejaa unyevu, haupoi vya kutosha. Hotelini omba friji, na mashine ya kupimia ifanye kazi kila siku, mapenzi au hakuna mapenzi.

Mengine ni mepesi. Nguo za pamba, kofia pana, kanga mbili (moja ya ufukweni, moja ya kujisitiri Mji Mkongwe, kule mabega na magoti hufunikwa). Mafuta ya jua namba 30, upake upya kila baada ya saa mbili. Viatu vya mpira, maji yakipwa utakanyaga wale wadudu wenye miiba. Mifuko ya plastiki ya kubebea acha nyumbani, Bara imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na Zanzibar walitangulia.

Mwaka huu tunarudi tena Paje. Mkoba wa mkononi ni wa dawa. Vipodozi vyangu vitakaa kwenye buti, vikiyeyuka viyeyuke.