Nyumba ya Mawe ya Lamu: Ilivyojengwa na Aliyeimiliki

Wengi wetu tumelelewa katika nyumba za mawe za Mkomani, lakini si wote wanaojua kwa nini vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Sababu ni boriti. Dari hubebwa na miti ya mikoko, ambayo haiwezi kuvuka nafasi inayozidi takriban mita 3. Kwa hivyo mafundi wa karne ya 18, zilipojengwa nyingi ya nyumba zilizosalia, walipanga vyumba kimoja nyuma ya kingine. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa.

Mgeni huanzia dakani, penye baraza za kukalia. Hupita tekani, iliyopinda ili mpita njia asione ndani, kisha hutokea kiwandani, uani palipo wazi juu. Mbele yake ni msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. Kila hatua sakafu huinuka kidogo na nakshi huzidi, hadi kwenye ukuta wa zidaka.

Mpango huu hueleweka zaidi ukimjua mwenye nyumba. Katika familia zilizomiliki nyumba za mawe, ilikuwa desturi baba kumpa binti nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwake. Binti mwingine aliweza kujengewa ghorofa ya juu, au nyumba ng'ambo ya njia, zikaunganishwa kwa wikio. Ndugu wakatembeleana bila kushuka njiani.

Leo nyumba moja huweza kuwa na warithi wengi, kila mmoja akimngoja mwenzake. Paa likivuja, boriti huoza. Wengine huharakisha kupiga lipu ya saruji, ambayo hufungia unyevu na chumvi ukutani. Baada ya muda lipu hubanduka na mawe huanza kulika. Lipu ya chokaa huruhusu ukuta ukauke.

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2001. Kabla ya kubomoa, kuongeza ghorofa au kung'oa mlango wa kuchonga, warithi wakubaliane kwanza, kisha watafute kibali cha ujenzi na ushauri wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Anayetaka kuona nyumba iliyohifadhiwa kwa mpango wake wa asili atembelee Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, hapa mjini.