RANGI YA KITAMBAA IKO WAPI?

Mzazi aendaye dukani usiku kununua kitambaa cha sare ya mwanawe yamkini atakutana na mtihani asioutazamia. Shule imeagiza kitambaa cheusi, na duka linaangazwa na taa ya chemli peke yake. Muuzaji hutandaza mezani majora mawili, moja jeusi na moja la buluu iliyokoza, na macho ya wote wawili hayaoni tofauti. Kitambaa hupimwa, hukatwa, hulipiwa. Asubuhi, kikitolewa juani, huonekana kuwa cha buluu, na kitambaa kilichokwisha katwa hakirudishwi. Muuzaji hakudanganya, mnunuzi hana ugonjwa wa macho, wala rangi iliyotiwa kiwandani haikubadilika usiku kucha. Kosa limetoka wapi?

Swali hilo la dukani ni swali la fizikia. Watu wengi hudhani kwamba rangi ni sifa ya kitu chenyewe, kama ulivyo urefu wake, na kwamba kazi ya mwanga ni kuifunua tu. Mwanafunzi aweza kuikariri dhana hiyo miaka mingi bila kuipima. Historia ya sayansi yaonyesha jinsi ilivyopimwa, na kipimo chenyewe hakikuhitaji ala nyingi.

Chumba chenye giza

Tangu kale ilifahamika kwamba mwanga wa jua ukipita katika prizimu, yaani kipande cha kioo chenye umbo la mche wa pembe tatu, hutoa rangi za upinde wa mvua. Wataalamu wengi waliamini kuwa mwanga mweupe ni kitu safi kisicho na mchanganyiko, na kwamba kioo ndicho kiutiacho rangi.

Isaac Newton wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alilichunguza jambo hilo katika miaka ya 1660, na mwezi Februari 1672 akaipelekea taarifa yake Royal Society ya London. Alikitia chumba chake giza, akatoboa tundu la robo inchi, yaani milimita 6 hivi, katika ubao wa dirisha, kisha akaiweka prizimu karibu na tundu hilo. Ukutani, umbali wa futi 22, ambazo ni karibu mita 7, alitazamia kuona doa la mviringo kama jua lilivyo. Badala yake aliona utepe wa rangi wenye urefu wa sentimita 34 hivi na upana usiotimia sentimita 7.

Wengine walivutiwa na uzuri wa rangi zile. Newton alivutiwa na umbo la utepe. Kama kioo kinautia mwanga rangi tu, kwa nini utepe uwe mrefu mara tano ya upana wake? Urefu ule ulionyesha kuwa sehemu mbalimbali za mwanga zilipindwa kwa kadiri mbalimbali: nyekundu kidogo, urujuani zaidi.

Hata hivyo mpinzani angeweza kushikilia kwamba kioo ndicho kilichofanya yote hayo. Hapo ndipo Newton alipofanya jaribio la kukata shauri. Aliuzuia utepe kwa ubao wenye tundu dogo ili rangi moja tu ipenye, akaielekeza rangi hiyo kwenye prizimu ya pili. Kama kioo hutia rangi, basi kioo cha pili kingetia rangi upya. Haikuwa hivyo. Nyekundu ilipita ikabaki nyekundu, ikapindwa kidogo kama mwanzo. Buluu ilibaki buluu, ikapindwa zaidi. Tena, alipozikusanya rangi zote kwa lenzi, mwanga mweupe ulirudi. Prizimu, basi, haiutii mwanga rangi bali huutenganisha.

Robert Hooke, mwanasayansi aliyeheshimika sana, aliyakubali matokeo lakini akayapinga maelezo, na ubishi ukaendelea. Kitabu cha Newton juu ya mwanga, Opticks, kilitoka mwaka 1704. Kilichoushinda ubishi mwishowe ni jaribio ambalo kila mtu aliweza kulirudia.

Taa hutoa nini?

Leo inajulikana kwamba mwanga huenda kama mawimbi, na kwamba rangi tuzionazo hutegemea urefu wa wimbi. Urujuani una mawimbi ya nanomita 400 hivi, na nyekundu hukaribia nanomita 700; nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Katika ombwe mawimbi yote husafiri kwa mwendo mmoja, kilomita 299,792 kwa sekunde. Yakiingia kiooni, urujuani hupungua mwendo kuliko nyekundu, na ndiyo sababu hupindwa zaidi.

Sasa na turudi dukani. Kitambaa hakitoi mwanga. Hupokea mwanga wa taa, kikafyonza sehemu yake na kuakisi sehemu iliyobaki. Kitambaa cha buluu hufyonza nyekundu na manjano, kikaakisi buluu. Lakini mwanga wa chemli hutoka kwenye chembe za masizi zilizopata moto katika ndimi, na joto lake ni dogo mno likilinganishwa na uso wa jua, wenye nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi. Chembe hizo hutoa nyekundu na manjano kwa wingi, na buluu kidogo sana. Kitambaa cha buluu iliyokoza hakina basi cha kuakisi, nacho huonekana cheusi.

Majaribio mawili darasani

Mwalimu asiye na prizimu aweza kuegemeza kioo cha kujitazamia ndani ya karai la maji, sehemu ikiwa imezama, kisha akaupokea mwanga wa jua na kuuelekeza kwenye karatasi nyeupe ukutani. Maji yaliyo kati ya kioo na uso wa karai hufanya kazi ya prizimu. Wanafunzi waitazame karatasi tu. Kamwe wasilitazame jua wala taswira yake kiooni.

Jaribio la pili lafaa kufanywa na mwalimu mwenyewe, katika chumba chenye giza, vitambaa na karatasi vikiwa mbali na moto. Waya safi uliochovywa katika maji ya chumvi ya mezani uingizwe katika moto wa taa ya spiriti. Sodiamu iliyomo katika chumvi hutoa mwanga wa manjano wenye mawimbi ya nanomita 589 hivi. Katika mwanga huo vitambaa vyekundu na vya buluu hugeuka kuwa kama vya kijivu au vyeusi, na nyuso za wanafunzi hufanana na majivu. Mwanga mwingine ukiwashwa, rangi zote hurudi.

Sehemu ya jicho

Bado shahidi mmoja hajahojiwa, nalo ni jicho. Mwaka 1801 Thomas Young alipendekeza kuwa jicho hupambanua rangi kwa njia ya vipokezi vya aina tatu tu, na utafiti wa baadaye ulimthibitisha. Kwa hiyo mwanga mwekundu ukichanganywa na wa kijani huonekana wa manjano, sawa na ule wa chumvi. Jicho haliwezi kuzitambua manjano hizo mbili, lakini prizimu huzitambua mara moja: ya kwanza hugawanyika, ya pili haigawanyiki. Kioo cha televisheni hutumia udhaifu huo, kwani hutoa rangi zake zote kwa nukta nyekundu, kijani na buluu.

Newton mwenyewe alisisitiza kuwa mionzi, kwa kusema kweli, haina rangi. Ina uwezo wa kuamsha hisia ya rangi ndani yetu. Rangi ya kitambaa, basi, haikai kitambaani peke yake. Hupatikana pale taa, kitambaa na jicho vinapokutana, na kimoja kikibadilika, rangi nayo hubadilika. Mnunuzi mwenye busara, kabla mkasi haujashuka, hungoja mchana, akakichukua kitambaa hadi mlangoni na kukitazama katika mwanga wa jua.