Kabla ya Kutoka Wabera, Kagueni Simu

Wewe na mwenzako mmepanga kutoka Wabera alfajiri, gari lina kitanda nyuma, muone mto Ewaso Nyiro pale Archer's Post kisha mshike lami hadi Marsabit? Poa sana! Mkiwa bado Isiolo mjini, jazeni mafuta, nunueni nyirinyiri na maziwa ya ngamia, mlipe kwa simu. Lakini someni jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Ukituma M-PESA kwa mtu asiye wako, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo, kabla hajazitoa. Huko mbele mtandao husumbua, kwa hivyo toeni keshi kiasi. Kila mmoja awe na salio kwake: simu moja ikizima, safari haikwami.