Uteuzi wa Waziri Mwenye Dhamana ya Uchukuzi Zanzibar: Ufafanuzi kwa Wananchi

Kwa wakaazi wa visiwa, wizara inayosimamia uchukuzi si wizara kama nyingine. Mgonjwa anayetoka Wete kwenda kutibiwa Mnazi Mmoja, mfanyabiashara anayepakia ndizi bandarini Mkoani, na mwanafunzi anayerejea skuli Unguja baada ya sikukuu, wote hao huzikabidhi roho zao kwa chombo ambacho usalama wake umo katika dhamana ya wizara hiyo. Ndiyo maana kila mawaziri wanapotangazwa, suali halikosekani katika baraza za mitaani na katika maofisi: kwa nini amewekwa huyu, na si yule?

Suali hilo ni la haki, na jibu lake lina sehemu mbili. Ipo sehemu ya sheria, na ipo sehemu ya siasa. Inafaa wananchi na wafanyakazi wa Serikali wazielewe zote mbili, kwani asiyejua kiti kinapatikanaje hawezi pia kujua amuulize nani pale mambo yanapokwenda mrama.

KATIBA INASEMAJE

Kwa mujibu wa Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, Rais huteua mawaziri kutoka miongoni mwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Hii ina maana kwamba nahodha mwenye miaka 30 ya bahari, au mhandisi aliyejenga barabara za Unguja na Pemba, hawezi kuwa waziri kwa ujuzi wake peke yake. Lazima kwanza awe mjumbe wa Baraza.

Hata hivyo, mlango haukufungwa. Katiba inampa Rais uwezo wa kuteua wajumbe 10 wa Baraza, na kwa njia hiyo anaweza kumwingiza mtu asiyekuwa na jimbo na kisha kumpa wizara. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2016, pale Balozi Ali Abeid Karume alipoingia Barazani kwa uteuzi wa Rais na kukabidhiwa Wizara ya Ujenzi, Mawasiliano na Usafirishaji. Lakini nafasi hizo 10 zina wagombea wengi. Ziko sekta nyingine zinazohitaji wataalamu, na viko vyama vidogo vinavyotaka sauti. Kila nafasi inayotumika kwa haja moja, haja nyingine hubakia nje.

MGAO WA MWAKA 2010

Sehemu ya siasa iliongezeka uzito mwaka 2010. Tarehe 31 Julai mwaka huo wananchi walipiga kura ya maoni na kukubali kuundwa kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Katiba ikarekebishwa. Tokea hapo nafasi za uwaziri zinagawiwa kwa uwiano wa viti vya vyama ndani ya Baraza, na Rais huteua mawaziri baada ya kushauriana na Makamu wake wawili.

Katika uchaguzi wa Oktoba 2010, Chama cha Mapinduzi kilipata majimbo 28 na Chama cha Wananchi (CUF) kilipata majimbo 22. Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua kila upande upate mawaziri wangapi. Lakini hesabu haisemi wizara ipi iende kwa chama kipi. Hilo ni jambo la mashauriano baina ya wakubwa. Katika mashauriano ya mwaka huo, Wizara ya Miundombinu na Mawasiliano iliangukia upande wa CUF, na Mheshimiwa Hamad Masoud Hamad akateuliwa kuwa waziri.

Mgao wa namna hii una faida iliyo wazi. Nchi iliyokuwa imegawika karibu nusu kwa nusu ilipata serikali ambayo kila upande ulijiona ndani yake. Lakini una gharama pia. Pale kiti kinapohesabiwa kuwa ni fungu la chama, kukigusa kiti hicho huonekana kuwa ni kukigusa chama, na pengine kuutikisa umoja wenyewe. Suali la utendaji hugeuka suali la siasa kabla halijajibiwa.

MITIHANI MIWILI YA BAHARI

Gharama hiyo haikuchukua muda kuonekana. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Ilikuwa imepakia abiria na mizigo kupita kiasi. Mamia ya watu walipoteza maisha, na ziko nyumba ambazo hazikupata hata maiti ya kuzika. Rais aliunda tume ya uchunguzi. Waziri aliendelea na kazi.

Mwaka haukutimia. Tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit, ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe wakati bahari imechafuka. Chombo hicho kabla ya kuuzwa kilikuwa kikivusha abiria katika maji ya ndani ya jimbo la Washington, Marekani. Safari hii waziri alijiuzulu siku chache baada ya msiba. Rais wa Zanzibar, Dk. Ali Mohamed Shein, alikubali na kumteua Mheshimiwa Rashid Seif Suleiman kushika nafasi hiyo.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Waziri mpya naye alitoka CUF. Mgao haukuvunjika, na Serikali ya Umoja wa Kitaifa haikuanguka. Aliyeondoka ni mtu. Fungu la chama lilibakia palepale. Tokeo hilo lilionesha kwamba hofu ya kukigusa kiti ilikuwa kubwa kuliko hatari yenyewe, na kwamba uwajibikaji na umoja vinaweza kukaa pamoja katika chombo kimoja.

Wala jambo hilo halikuwa geni katika historia ya nchi. Mwaka 1977, Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa maovu yaliyotendwa na watumishi wa vyombo vya dola huko Shinyanga, ingawa hakuyatenda yeye kwa mkono wake. Miaka 7 baadaye alikuwa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Kujiuzulu hakukumvunjia heshima.

MIPAKA YA MADARAKA

Wananchi wanapomdai waziri huyu, ni vyema wajue pia mipaka ya mamlaka yake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaweka bandari na mambo yanayohusika na usafiri wa anga katika orodha ya Mambo ya Muungano. Kwa hivyo usalama wa ndege zinazotua Unguja na Pemba unasimamiwa na mamlaka ya Muungano. Usafiri wa baharini, kwa upande wake, una chombo chake hapa hapa, nacho ni Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambayo kazi zake ni pamoja na usajili na ukaguzi wa vyombo.

Usajili huo una uzito unaovuka visiwa hivi. Mwaka 2012, mwaka ule ule wa Skagit, ilibainika kwamba meli za mafuta za Iran zilikuwa zimesajiliwa Zanzibar kupitia wakala wa nje na kupeperusha bendera ya Tanzania. Usajili wao ulifutwa. Januari 2018, baada ya meli nyengine zenye bendera hiyo kukamatwa ng'ambo na shehena haramu, Serikali ya Muungano ilisitisha usajili wa meli za nje. Uteuzi unaofanywa kwa hesabu za siasa za Unguja na Pemba unaweza kuamua heshima ya bendera ya nchi nzima.

MWANASIASA AU MTAALAMU?

Wako wanaosema kwamba wizara hii apewe mtaalamu tu. Rai hiyo ina maana, lakini haikamiliki. Waziri hapimi mbao za meli wala hahesabu maboya ya kuokolea. Hiyo ni kazi ya wakaguzi, chini ya Mkurugenzi wao. Kazi ya waziri ni kuhakikisha mkaguzi anaposema chombo hiki kisiondoke, hakiondoki, hata kama mwenye chombo ana jamaa wakubwa na abiria wamekasirika gatini. Kwa kazi hiyo, elimu ya bahari inasaidia, lakini kinachotakiwa zaidi ni ujasiri, na ujasiri hupungua kwa mtu anayeamini kwamba kiti ni hidaya ya chama chake.

Yapo ambayo Serikali imeyafanya. Mwaka 2015 iliipokea MV Mapinduzi II, meli mpya iliyojengwa Korea ya Kusini kwa ajili ya abiria 1,200. Lakini meli mpya huchakaa, na mawaziri hubadilika. Hata jina la wizara limebadilika zaidi ya mara moja tokea mwaka 2010. Kinachopaswa kudumu ni kanuni.

Kwa hivyo, pindi waziri mpya anapotangazwa, mwananchi ana haki ya kuuliza ametoka chama gani na kisiwa gani. Lakini lililo na faida zaidi ni kuuliza kama wakaguzi wana nguvu ya kukizuia chombo, na mjumbe wa jimbo lake anayasema haya Barazani wakati wa bajeti. Naye mtumishi wa gatini, anayehesabu abiria na kuona idadi imezidi, akumbuke kwamba mgao wa vyama haumhusu. Hesabu iliyo mbele yake ni ya roho za watu, na hiyo haina mashauriano.